Ngozi Isiyosikia Moto

Katika kartie yetu ya Kasenga, mtaa wa Uvira hapa Kongo, mimi ndiye mwanamke wa kwanza kusimamisha mashine ya kupimia ardhi juu ya miguu yake mitatu na kuwaambia wanaume wawili wanaogombania ukuta: mpaka unapita hapa, si pale. Nalisema mapema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu watu wakishasikia habari ya matiti yangu husahau mengine yote. Nilivuka ziwa kwenda Tanzania nikiwa mgongoni mwa mama. Nilijifunza kusoma kambini, chini ya turubai. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna padri aliyeniandikia barua. Niliuza maandazi, nikauza vocha za simu, nikabeba ndoo za zege kwenye majengo ya watu, na siku moja nikatoka chuoni na diploma ya upimaji ardhi. Niliporudi Uvira niliitia kwenye fremu ya kioo nikaitundika sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni aisome kabla hajavuta kiti.

Matiti sikuyatafuta. Yalianza nikiwa na miaka kumi na mitatu na hayakujua pa kusimama. Nilipofika thelathini na mbili nilikuwa navaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, na kanda zake zilikuwa zimechimba mifereji miwili mabegani. Nikilaza kidole ndani yake, kilizama. Kwa joto la huku kwetu, ngozi ya chini ya matiti ilichubuka na kunuka, na poda niliyopaka iligeuka ugali kabla ya saa nne. Asubuhi niliamka vidole vimekufa ganzi. Shingo iliuma, kichwa kiliuma, na mgongo nilikuwa nimeshauzoea kama jirani mbaya.

Kazini ndiko kulikoniudhi zaidi. Mashine yangu ina kipovu cha hewa ndani ya kichupa kidogo. Kikikaa katikati, mashine iko sawa. Kila nilipoinama kuchungulia, titi la kulia liligusa mguu wa mashine na kipovu kikakimbia. Nikaanza upya. Siku moja huko Mulongwe watu walikuwa wamejaa kushuhudia ugomvi wa parseli, ndivyo tunavyoita kiwanja, na nilikuwa nimeanza upya mara tatu. Mwanaume mmoja akapaza sauti:

"Madamu, hiyo mashine inapima parseli ao inakupima weye?"

Wagomvi wenyewe walicheka, tena wakipigana mabega. Niliwapatanisha bila kutaka.

"Inapima akili," nikamjibu. "Kwako haijaona kitu ya kuandika."

Kicheko kikahamia upande wangu, kwa maana sijawahi kushindwa na mtu wa barabarani. Lakini nilipofika nyumbani nililala chali sakafuni, kwenye saruji, kwa sababu godoro lilikuwa laini mno kwa mgongo wangu, nikabaki hapo mpaka jirani yangu, mama fundi cherehani, aliponigongea kuniletea blauzi. Alitazama kutoka mlangoni.

"Weye unapima sakafu sasa?"

Hakuna aliyeijua hali yangu kama yeye. Kila blauzi yangu aliiongezea vipande viwili ubavuni, na kila mara alisema kitambaa changu kingewavika watoto wawili Noeli. Ni yeye aliyeniambia kwamba matiti hupunguzwa. Alikuwa amesikia kwa mteja wake mmoja wa Bujumbura. Nilimwambia naijua habari hiyo tangu zamani, ingawa sikuijua.

Daktari wa hapa Uvira alinitazama, akasema kweli ni kazi ya mpasuaji, na huyo hayupo hapa. Basi nikavuka mpaka kwenda Bujumbura, kwenye hospitali moja ya binafsi, kwa mpasuaji mwenye nywele za mvi na mikono midogo kama ya fundi saa. Wanawake wengi wameniuliza tangu wakati ule mambo yanavyokwenda, kwa hiyo nitayasema yote kama yalivyokuwa.

Aliniuliza kama navuta sigara. Aliniuliza uzito wangu, na kama umekuwa ukipanda na kushuka, kwa sababu matiti hufuata mwili. Aliniuliza kama kwa upande wa mama kuna aliyewahi kuota uvimbe kwenye titi. Akanituma kupimwa damu na kupigwa picha ya matiti kwa kile chombo kinachopakwa mafuta baridi. Halafu akauliza kama nina watoto, na kama nawataka.

"Nawataka," nikasema. "Bado."

Akaandika. Kisha akachukua tepu akapima kutoka kishimo cha shingo mpaka kwenye chuchu.

"Dokta," nikamwambia, "tepu yako imelegea. Anza tena, uivute."

Alicheka, akaanza tena. Kulikuwa na tofauti ya nusu sentimita, na mimi ndiye niliyekuwa sahihi. Nadhani kuanzia hapo alinichukulia kuwa mtu anayejua mambo, na mimi nikajichukulia hivyo hivyo.

Akanieleza. Watakata ngozi na nyama chini na ubavuni. Chuchu haitaondolewa, itapandishwa juu ikiwa bado inaning'inia kwenye shina lake la nyama, ambamo damu yake inapita, na shina hilo likiumizwa, chuchu inaweza kufa. Kovu litazunguka duara jeusi, litashuka wima, kisha litalala chini kwenye mkunjo, kama nanga. Litakuwa na rangi kali kwa miezi, litafifia, halitaisha. Maziwa yanaweza kutoka, yanaweza kutoka kidogo, yanaweza yasitoke; hakuna daktari wa kweli atakayeniahidi. Na ngozi itapoteza hisia, kwa majuma au kwa miezi, pengine sehemu nyingine moja kwa moja.

"Naelewa, Dokta," nilisema kwa kila jambo, na kwa kila jambo nilikuwa nimeelewa.

Alipoanza habari ya kujitunza nyumbani nilitazama saa. Mpaka una saa yake ya kufungwa. Akaona, akanipa karatasi mbili za Kifaransa zilizobanwa pamoja.

"Yote iko humu, madamu. Usome polepole."

"Nimesoma karatasi nzito kuliko hizi," nikasema, nikazikunja mara nne nikazitia mkobani, katikati ya ramani za watu.

Ilibaki kumwambia mama. Yeye alirudi kutoka kambini kabla yangu, akashika jembe lake Luvungi, na hapo yupo mpaka leo. Nilimkuta uani akianika mihogo. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Hakuacha kazi.

"Bakate nini?" akauliza. "Kitu iko muzima?"

"Iko nzito, Mama. Mugongo inaniua."

"Minye pia nilikuwa nayo. Nilinyonyesha bakubwa yako, nikakunyonyesha weye, na shamba nikalima."

Alisema hivyo akiwa ameinama, na nilikumbuka kwamba sijawahi kumwona mama yangu amenyooka. Nilidhani ni jembe. Sikuwahi kumuuliza.

"Na mutoto yako atanyonya nini?"

"Wanatoa mafuta tu. Njia ya maziwa hawaigusi."

Uongo ule ulikuwa mfupi, na ulitosha. Mama alichukua pande jingine la muhogo.

Asubuhi ya upasuaji daktari alinisimamisha mbele ya kioo akanichora kwa kalamu ya zambarau: mstari wa katikati ya kifua, mstari wa kila titi, alama ya mahali chuchu itakapokaa, mikato ya kuteremka. Niliitambua kazi. Alikuwa na mistari ya msingi na pointi zake, na alirudi nyuma hatua mbili kutazama kama pande zote mbili zinalingana, kama ninavyorudi nyuma mimi. Nilitaka kumsifu. Nikagundua kwamba nimejikunyata kwa baridi na meno yananigonga. Maisha yangu yote nimesimama upande wa mashine. Siku ile nilikuwa parseli.

Nilipoamka kinywa kilikuwa kikavu na kifua kimebanwa kama kimefungwa kwa kamba ya mzigo. Mirija miwili myembamba ilitoka ubavuni ikimwaga maji mekundu kwenye vichupa. Lakini mabega! Nililia kwa ajili ya mabega. Yalikuwa yamepanda yenyewe, hayana kitu. Muuguzi alidhani naumwa akaenda kutafuta dawa, nami sikumzuia.

Siku ya pili mirija ilitolewa. Daktari alibonyeza ngozi kwa ncha ya kidole, juu ya kila titi.

"Unasikia?"

"Hapana."

"Itakuja polepole. Ukae hapa mjini mpaka nibadilishe bandeji, siku ya nane. Pikipiki hapana. Kubeba hapana. Mikono isipande juu ya mabega. Ulale chali. Na usome karatasi."

Nilikaa nyumba ya wageni mpaka siku ya nne. Wiki nzima ya kutazama ukuta wa kupanga niliiona ni ya watu wasio na kazi, na kule Mulongwe familia mbili zilikuwa zinaningoja niwasomee mpaka wao. Nilikuwa nimewapa neno langu, na neno langu halirudi. Nilipanga kurudi Bujumbura siku ya nane. Nikatafuta gari, nikaondoka. Kwenye forodha mwenye zamu aliniambia niweke begi mezani alifungue. Nililishika. Mkono haukupanda. Nilisimama pale, mtu wa diploma, begi liko miguuni, na foleni nyuma yangu inaguna, mpaka mwanamke mmoja mwenye beseni la nyanya kichwani alipochuchumaa bila kuinamisha shingo, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akaliweka mezani.

"Mugonjwa," akamwambia yule wa forodha. "Weye hauoni?"

Mama alikuwa amekwisha kufika nyumbani kwangu. Alikuja kwa pikipiki kutoka Luvungi na sufuria yake kubwa kuliko zote ikiwa mapajani, kwa maana sufuria za mjini hazimtoshi. Na ilikuwa bahati, kwa sababu sikuweza kufungua komeo la mlango wangu mwenyewe. Sikuweza kuchana nywele, wala kuvua gauni. Kwenda Mulongwe haikutajwa tena. Niliwatumia ujumbe wangoje. Mimi niliyebeba mashine na miguu yake mitatu kutoka Kasenga mpaka mlimani, mama alinivua nguo kama anavyomenya ndizi.

Huku kwetu mwanamke akitoka hospitali, hasa akiwa amejifungua, hukandwa. Maji huchemshwa na chumvi, taulo huchovywa, hukamuliwa, huwekwa mwilini, hukandamizwa mpaka damu itembee. Mama ameifanya kazi hiyo kwa nusu ya wanawake wa ukoo wake, na watu hutoka mbali kumwita. Mikono yake imekuwa migumu kwa jembe hata huichovya kwenye maji yanayotoka jikoni bila kukunja uso. Siku niliyofika alinikanda miguu na kiuno. Nilisinzia nimekaa. Sikuwa nimekandwa na mtu tangu utotoni, na nilijiambia kwamba hospitali ile yenye vioo haikuwa na kitu kizuri kama hiki.

Siku ya tano tangu kupasuliwa alikuwa ananilisha uji. Akauliza kama jambo la kupita tu: maziwa yatachukua muda gani kurudi?

Sijui kwa nini sikudanganya tena. Labda kwa sababu kijiko kilikuwa mkononi mwake.

"Daktari anasema pengine hayatatoka, Mama."

Alinilisha mpaka bakuli likaisha. Kesho yake asubuhi alileta sufuria, akaiweka karibu na kifua changu, akafungua vifungo vya sidiria niliyovalishwa hospitali.

"Hapana, Mama. Kuna bandeji."

"Bandeji nitaiacha. Nitakanda juu yake. Njia ya maziwa ikilala, inafunga. Lazima iamushwe ingali mupya."

Nilikuwa na maneno ya kumzuia. Ningeweza kuyasema kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Lakini nilikwisha kumdanganya mara moja, na sasa alinitazama kama mtu anayefanya kazi ambayo watu wa hospitali waliiacha nusu. Nikafumba macho. Jirani fundi cherehani alikuwa amekuja kunisalimu, amekaa kwenye kiti chini ya diploma yangu.

"Weye!" alisema. "Sisi tunatafuta kuongeza, weye unapanda gari kwenda kupunguza! Ile bamekata wangenigawia hata robo."

Tulicheka, mama pia. Nikauma mdomo, kwa kuwa kucheka kuliuma. Taulo likatua upande wa kushoto, ulio karibu naye.

"Iko moto?" mama akauliza.

"Sisikii kitu."

"Basi maji imepoa."

Akarudi jikoni kuyachemsha zaidi. Alipokanda tena, mvuke ulinipanda puani, lakini kifua kilikuwa kama cha mtu mwingine. Jirani alifunika mdomo.

"Huyu ni mwanamke! Hata hakunji uso!"

Na mimi, nakiri, nilifurahi kusikia vile. Nilikaa wima zaidi. Tulifanya hivyo asubuhi tatu.

Siku ya nane, siku ya bandeji, tuliamka tukasikia mpaka umefungwa. Kwa nini, kila mtu alikuwa na lake. Wachuuzi walirudi kutoka Kavimvira, pale mpakani, na mabeseni yao yakiwa yamejaa vile vile. Nilisema utafunguliwa mchana. Haukufunguliwa mchana, wala kesho yake. Nilipiga simu kwa kila niliyempimia kiwanja na ambaye ana cheo fulani. Wote walinijibu kwa heshima, na hakuna hata mmoja aliyeweza kunivusha hatua mia chache za barabara. Toka kwangu, jioni, naziona taa za Bujumbura upande wa pili wa maji.

Kesho yake hiyo, bandeji ya kushoto ilikuwa imelowa na inanuka. Tuliifungua mimi na mama mbele ya kioo cha kabati. Upande wa kulia mshono ulikuwa safi, mwembamba, kazi ya fundi. Upande wa kushoto, ngozi ya juu ilikuwa imevimba malengelenge na mengine yamepasuka, na ukingo wa duara la chuchu ulikuwa na rangi ya majivu.

Nilipiga picha nikamtumia daktari. Alipiga simu mara moja.

"Madamu, umeweka kitu cha moto hapo?"

Mama alikuwa ameketi miguuni pangu, ameshika bandeji chafu kwa vidole viwili, ananitazama usoni ili ajue daktari anasema nini.

"Hapana, Dokta," nikasema.

Daktari akasema nitafute muuguzi aliye karibu, leo, ampigie yeye mbele yangu.

Muuguzi wa kituo cha afya alikuwa mama mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinilaza, akafungua, akainama mpaka pua yake ikawa karibu kunigusa.

"Hii kisu haikufanya," alisema. "Huyu muntu ameungua. Nani alikukanda?"

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, amekumbatia gauni langu. Nilimwona anashusha macho kwenye mikono yake mwenyewe, anaigeuza, upande wa kiganja, upande wa nyuma, kama mtu aliyeokota mikono ya mtu mwingine njiani.

Muuguzi aliongea na daktari kwa simu, nami nikakubali yote, kwa sauti ndogo. Ngozi isiyo na hisia, daktari alieleza, huungua bila mwenyewe kujua. Na mishipa midogo inayolisha chuchu, ikiwa bado michanga, haivumilii moto. Wanisafishe, wanipake dawa, wanifunge, wangoje waone ni kiasi gani kitakufa na kiasi gani kitabaki. Aliuliza kama mpaka umefunguliwa. Bado. Basi wangoje.

Nimezoea kusubiri mvua ipite ili nipime. Sikuwa nimezoea kusubiri kipande changu mwenyewe kichague kuishi au kufa. Kila siku muuguzi alikuja, akafungua, na majivu yalikuwa yamesogea kidogo, kama maji yanavyopanda ufukweni mwa Kasenga bila mtu kuyaona yakitembea. Ningepima kwa rula. Ningeweza kumwambia mtu kwa milimita ngapi nimepoteza tangu jana. Kusimamisha sikuweza.

Na mama aliacha kunigusa. Sufuria yake kubwa aliiweka nje, imefudikizwa, akapika kwa kisufuria changu cha chai. Uji aliuweka mezani na kijiko ndani yake, akatoka. Mikono yangu ilifika kinywani kwa shida, lakini mgongoni haikufika, wala kwenye nywele. Siku ya tatu ya hali hiyo nilikuwa nanuka. Jirani alijitolea kuniogesha. Mama alisema, "Ndiyo, weye umuogeshe, weye hautamuunguza," akaenda kukaa uani. Nilimwambia jirani arudi baadaye.

Nilimwita mama ndani. Nikamwomba anishushie mkoba wangu kutoka juu ya kabati, kwa sababu sikuweza, na atoe karatasi zilizokunjwa mara nne. Alizitoa zikiwa zimeshikana na ramani ya mtu.

"Ukae, Mama. Nitakusomea."

Nilimsomea yote, mstari kwa mstari, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili chetu cha hapa. Kulala chali na mito. Kuvaa sidiria ya hospitali usiku na mchana. Kutobeba. Dalili za kumpigia daktari. Nilipofika ukurasa wa pili sauti yangu ilibadilika, naye akaisikia, akanyanyua kichwa.

"Usiweke kitu chochote cha moto juu ya matiti: maji, taulo, chupa. Ngozi haisikii. Unaweza kuungua bila kujua."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Waliandika hiyo siku gani?"

"Kabla ya kunipasua."

"Na ilikuwa mu saki yako, mu hii mukoba?"

"Ilikuwa mu saki yangu."

"Na weye unajua kusoma."

"Minye najua kusoma, Mama."

Mama akainua macho ukutani, kwenye fremu ya diploma.

"Ile ya mu kioo," alisema, "unaisomeshea bageni kila siku."

Mama alisimama, akazirudisha karatasi katika mikunjo yake ile ile minne, akaziweka mezani mahali ninapoweza kuzifikia. Akaenda kuchota maji. Alichovya kiwiko chake, akaona hakitoshi kuaminiwa, akaita kutoka mlangoni: "Jirani! Kuja utie mukono yako humu, uniambie kama iko baridi." Jirani akasema ni baridi. Ndipo mama aliponivua gauni, akaniosha mgongo, kutoka shingoni mpaka chini, akilia bila sauti, maji ya baridi yakinitetemesha, na hakuna kati yetu aliyesema inatosha.

Mpaka ulifunguliwa baadaye. Daktari aliondoa kilichokufa. Hakunikaripia, na ningependa kama angenikaripia. Bandeji zilichukua majuma mengi. Titi la kulia ni zuri. Nimemwonyesha jirani naye ameapa kwamba hajawahi kushona kitu kilichonyooka vile. La kushoto limepoteza theluthi ya duara lake na lina kovu pana linalong'aa. Nilimuuliza daktari habari ya maziwa, upande ule. Alisema, "Madamu, siwezi kukuambia." Nikamuuliza kama kuna kitu cha kufanya. Akasema hakuna.

Mgongo umepona, hilo niliseme. Navaa sidiria moja. Mifereji ya mabega inajaa polepole. Nikiinama kwenye mashine, kipovu hukaa katikati na hakitikisiki, na pale Mulongwe niliwasomea mpaka wao mara moja tu, watu wakatawanyika bila neno la kunitupia. Mwanamke akiniuliza kama aende, namwambia aende, kwa macho mawili wazi, halafu namsomea zile karatasi mwenyewe, zote, mpaka achoke.

Mama huniita kwa simu kila Jumapili akitoka kanisani Luvungi. Hatuzungumzi habari ya moto. Ananiuliza kama nimekula, ananiambia mihogo imekaukaje. Kisha sauti yake hushuka.

"Inasikia?"

Jumapili iliyopita nilitia mkono ndani ya blauzi simu ikiwa sikioni. Nikabonyeza kwa kidole, nikabonyeza kwa ukucha. Nikangoja. Nilisikia jembe la mtu upande wake, na watoto.

"Uko pale?" mama akauliza.

"Niko, Mama."

"Inasikia?"

"Bado."